Namba Moja, Wenyewe Wawili



Leo nimekuja na habari ya namba. Bei za ndagala mnazijua kuliko mimi, hizo naziacha. Nasema namba ambazo vijana wetu wanaoandika programu za kompyuta huvipa vitu ili kompyuta isivichanganye. Usizime redio, mama. Habari yenyewe imeanzia kwenye likelemba, ule mchango wa kupokea kwa zamu.

Kuna vijana wawili ninaowajua. Mmoja anakaa hapa mjini Kalemie, mwenzake anakaa ng'ambo ya mto Lukuga. Waliombwa na kundi la mama wauza ndagala wawatengenezee programu ndogo ya kuandika nani ametoa, nani amepokea, na zamu ijayo ni ya nani. Kazi ndogo, malipo madogo, lakini waliifanya kwa moyo. Sasa, programu ya namna hiyo ina ghala lake la habari, na ghala hilo halijengwi siku moja. Leo unaongeza sehemu ya kuandika jina, wiki ijayo unaongeza sehemu ya kiasi cha fedha. Kila nyongeza huandikwa kama hatua na kupewa namba: hatua ya 1, hatua ya 2, hatua ya 3. Kompyuta hukumbuka imefika hatua ya ngapi. Ukiipa programu mpya inaangalia: mimi niko 11, humu kuna 12, basi naifanya 12.

Walifika 11 wakiwa pamoja, meza moja. Kisha umeme wa mtambo wa Bendera ukakatika siku mbili, mtandao ukawa wa kubahatisha, kila mmoja akabaki kwake na betri yake. Yule wa mjini akaandika hatua ya 12: kuongeza sehemu ya namba ya simu ya mama. Yule wa ng'ambo naye akaandika hatua ya 12: kuongeza tarehe ya kupokea zamu. Umeme uliporudi wakaunganisha kazi zao, wakafurahi, wakaenda kulala.

Asubuhi programu ikawa na sura moja kwenye kompyuta hii na sura nyingine kwenye ile. Huku simu ipo, tarehe haipo. Kule tarehe ipo, simu haipo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kuna kosa. Kompyuta ya kwanza ilipoiona hatua ya 12 ya mwenzake ilisema moyoni, 12 nimeshaifanya, ikapita. Ya pili nayo hivyo hivyo. Waliniita jioni, nikawakuta wamenuna kama watu waliodhulumiana shamba. Mmoja anasema, "Kwangu inakwenda." Mwenzake anasema, "Hata kwangu inakwenda." Na wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Ukiwauliza nani alikosea utakaa mpaka kesho. Baada ya 11 ni nini? Ni 12. Mtoto wa shule ya msingi atakujibu hivyo. Walihesabu sawasawa, ila kila mmoja alihesabu peke yake.

Nikawaambia wasione haya, maana wakubwa wa kazi hii wameanguka shimo hilo hilo. Kuna chombo cha kutengenezea programu kiitwacho Ruby on Rails, kinachotumika dunia nzima. Mwanzoni hatua zake zilikuwa zinahesabiwa vivyo hivyo, 001, 002, 003, na kompyuta ilikumbuka namba ya mwisho tu. Watu walipokuwa wengi kwenye kazi moja, namba zikagongana kila wiki. Katika toleo la 2.1, lililotoka Juni 2008, wakaacha kuhesabu. Hatua ikaanza kupewa namba ya tarehe na saa ilipoandikwa, na kompyuta ikaanza kukumbuka kila hatua moja moja badala ya ile ya mwisho peke yake. Hilo la pili watu hulisahau, na bila hilo, namba ya tarehe peke yake isingewaokoa vijana wangu.

Lakini sina haja ya kuwapeleka mbali. Twendeni Eldoret, Kenya. Kuna programu ya kuhifadhi habari za wagonjwa iitwayo OpenMRS. Iliasisiwa mwaka 2004 na watu wa Marekani waliokuwa wakifanya kazi na madaktari wa Eldoret, na Februari 2006 ikaanza kutumika huko huko Eldoret. Mwaka huo huo ikaingia Rwanda, kisha ikasambaa nchi nyingi. Waandishi wake hawakai nyumba moja: mmoja yuko Indiana, mwingine Boston, mwingine Afrika ya Kusini, mwingine Kenya. Wangehesabu 1, 2, 3, wangegongana kila siku ya Mungu. Basi hatua zao za kubadilisha ghala la habari wakawa wanazipa namba ya tarehe na saa. Tuseme uliandika hatua tarehe 3 Machi 2010, saa nane na dakika tano mchana. Namba yake inakuwa 201003031405: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika. Na chombo wanachotumia kusoma hatua hizo, Liquibase, hakitazami namba peke yake. Kinatazama namba, jina la mwandishi na faili ilimoandikwa. Hata wawili wakiandika dakika ile ile, majina yao yatawatenganisha, kama vile hapa kwetu kukiwa na Mama Chantal wawili tunasema Mama Chantal wa sokoni na Mama Chantal wa parokia.

Dawa hiyo ina uchungu wake kwetu. Saa ya nani? Hapa Kalemie ikiwa saa nane, Kinshasa ni saa saba na Kigoma ni saa tisa. Kijana wa Kinshasa anaweza kuandika hatua baada yako, lakini namba yake ikasema ameandika kabla. Ndiyo maana wenye Rails hutumia saa moja ya dunia nzima, haidhuru uko wapi. Na kuna jambo la pili wasilolijua wale wa miji yenye umeme: kompyuta kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa. Ukiiwasha baada ya umeme kukatika inakuambia leo ni Januari ya mwaka ambao ulikuwa bado shuleni. Kabla ya kuandika hatua yoyote, tazama saa ya kompyuta. Nimeona kijana ameleta hatua iliyoandikwa, kwa mujibu wa kompyuta yake, kabla programu yenyewe haijaanzishwa.

Sasa tutoke kwenye hatua twende kwenye watu. Mama anapojiandikisha kwenye kundi, naye anapewa namba. Tukiwa na kompyuta moja hapa Kalemie na nyingine Moba, na hakuna mtandao kati yao, tufanyeje ili namba 147 isiwe ya mama wa hapa na pia ya baba wa kule?

Njia ya kwanza mnayo mfukoni. Tazama simu yako. Namba zetu zinaanza na 243. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Tanzania, ni 255. Burundi ni 257. Zambia ni 260. Nchi nne zinakunywa maji ya ziwa moja, na haijapata kutokea namba ya simu ya Kigoma ikawa ndiyo ya Kalemie. Si kwa sababu tunapigiana asubuhi kuulizana. Ni kwa sababu kuna shirika la Umoja wa Mataifa huko Geneva, ITU, lililogawa fungu kwa kila nchi kabla. Nchi nayo inagawa tena: kwetu kazi hiyo ni ya mamlaka ya mawasiliano, ARPTC. Vodacom wana 081, Airtel wana 099, na wengine wana mafungu yao. Muuza kadi wa Vodacom pale sokoni hamuulizi jirani yake wa Airtel ameuza namba gani leo. Kila mtu anakula kwenye sahani yake.

Waandishi wa programu nao wanaijua njia hiyo ya mafungu. Programu ya hesabu za makampuni ya Microsoft, zamani ikiitwa Dynamics NAV na sasa Business Central, ambayo Nairobi ina mafundi wake wengi, imetenga namba 50000 hadi 99999 kwa vitu anavyojiongezea mteja mwenyewe. Nafasi elfu hamsini, ungedhani zinatosha. Zinatosha kweli, ila kila fundi anapoanza kazi anaanzia wapi? Anaanzia 50000. Fundi wa pili, chumba cha pili, naye 50000. Fungu lenu mmepewa, lakini ndani ya nyumba hamkugawana. Kwa hiyo timu zenye akili huweka orodha moja, au chombo kimoja kinachotoa namba inayofuata kwa yeyote anayeomba.

Vijana wangu walitaka kugawana kwa njia ya ujanja zaidi: mmoja achukue namba shufwa, 2, 4, 6, na mwenzake witiri, 1, 3, 5. Si ujinga. Programu ya kuhifadhi habari iitwayo MySQL ina mpangilio wa namna hiyo kabisa, kwa ajili ya seva mbili zinazoandika kwa wakati mmoja. Nikawauliza, na rafiki yenu wa Nyunzu akija kusaidia, mtampa namba gani? Wakatazamana. Kama mnajua kundi litakua, rukeni kumi kumi tangu siku ya kwanza: huyu 1, 11, 21, yule 2, 12, 22, na mafungu mengine nane yabaki yakisubiri wageni.

Njia ya pili ni mlango mmoja. Namba itolewe na seva moja tu, na asiyepita pale hana namba. Sisi watu wa Kalemie tunaujua mlango mmoja. Ziwa hili lote, toka Bujumbura hadi Mpulungu, lina njia moja tu ya kutoa maji, nayo ni Lukuga yetu. Na tunajua pia mlango ukiziba. Msafiri Stanley alipofika mwaka 1876 aliukuta mdomo wa Lukuga umejaa mchanga na matete, maji hayaendi. Ziwa likawa linapanda. Miaka michache baadaye likavunja kizuizi, na mwaka 1879 Mwingereza Edward Hore akakuta mto unakwenda kwa nguvu. Mtandao wetu ndio Lukuga ya Stanley. Leo unapita, kesho matete. Ukimwambia mwandikishaji wa Moba asiandike mtu mpaka seva ya Kalemie impe namba, kazi itajaa nyuma yake mpaka ivunje ukingo, naye ataanza kujibunia namba. Nani atamlaumu?

Kwa mlango huo unaoziba, wachora ramani wamepata suluhisho ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Kuna ramani huria ya dunia, OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Mtu yeyote anaweza kuichora. Mwaka 2014 watu wa Médecins Sans Frontières waliipeleka Lubumbashi, wakati huo sisi na Lubumbashi bado tuko Katanga moja, na vijana wa huko wakatembea mitaani na karatasi kuandika majina ya kata na barabara. Mwishoni mwa mwaka huo ukazinduliwa mradi wa Missing Maps, wa kuchora sehemu ambazo ramani ilikuwa tupu. Sasa sikiliza. Unapochora nyumba kwenye programu ya JOSM, bila mtandao, kompyuta yako inaipa nyumba ile namba hasi. Namba ya chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba hii ni namba ya muda, ya humu chumbani kwangu tu, asiitumie mtu mwingine. Mwenzako naye ana namba zake hasi, hata zikifanana na zako hakuna ubaya, hazijatoka nje. Siku mtandao ukipatikana unapeleka kazi, seva inakupa namba za kweli, na programu yako inabadilisha kila mahali: kama barabara ilipita kwenye nukta hasi 5 na hasi 6, sasa inaelekezwa kwenye namba mpya. Ukisahau kubadilisha hizo rejea, barabara itapita hewani.

Ni kama mtoto kabla hajapelekwa kwenye etasivili kuandikishwa. Nyumbani mnamwita jina lake la utani, linatosha nyumbani. Cheti kitakuja na namba yake.

Naweka neno pembeni hapa. Namba hasi zinazuia vitu viwili kupewa namba moja. Hazizuii kitu kimoja kupewa namba mbili. Wachoraji wawili wakichora nyumba ile ile, seva itatoa namba mbili kwa furaha, na ramani itakuwa na nyumba juu ya nyumba. Huo ni ugonjwa mwingine, na nchi ambayo haijahesabu watu wake tangu mwaka 1984 inaufahamu vizuri. Tutauzungumzia siku nyingine.

Njia ya tatu ni ya namba kubwa za kubahatisha. Kompyuta inarusha kete, inatoa alama 36, herufi na tarakimu na vistari, na bahati ya kurudiwa ni ndogo hivi: ukitoa bilioni moja kila sekunde, utahitaji miaka karibu 86 ndipo uwezekano wa kupata mbili zinazofanana ufike nusu kwa nusu. Hakuna wa kuulizwa, hakuna fungu, hakuna mlango. OpenMRS nayo imevipa vitu vyake vyote namba ya namna hii pamoja na ile fupi ya ndani. Git, chombo ambacho Linus Torvalds alikiandika mwaka 2005 na ambacho vijana wote wa kazi hii wanakitumia, hakihesabu kabisa. Jina la kila kazi linakokotolewa kutoka kwenye kazi yenyewe, alama 40. Na DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo wizara yetu ya afya inaitumia kukusanya takwimu za zoni za afya, pamoja na zoni 11 za mkoa huu wetu wa Tanganyika, hutumia alama 11, ya kwanza daima herufi.

Nzuri sana, kwa kompyuta. Lakini jaribu kumsomea mama alama 36 kwenye simu, upepo wa ziwa unavuma, na mashine ya kusagia mihogo iko nyuma yake. Mama anataka 147. Mpeni 147. Kompyuta ziwe na namba yao ndefu chini kwa chini, watu wawe na yao fupi, na ile fupi muiongezee tarakimu ya ulinzi mwishoni.

Hiyo nayo nieleze, maana ni tamu. Chukua 147. Anza kulia: 7 mara mbili ni 14, jumlisha 1 na 4 unapata 5. Ya katikati, 4, iache ilivyo. Ya kushoto, 1 mara mbili ni 2. Tano na nne na mbili ni 11. Kufika 20 inabaki 9. Basi kadi ya mama inaandikwa 147-9. Karani akichanganya akaandika 417-9, kompyuta inakokotoa: 5, na 1, na 8, jumla 14, kufika 20 inabaki 6, siyo 9. Inakataa papo hapo. Njia hii ni ya Hans Peter Luhn wa IBM, ya miaka ya 1950, na OpenMRS huitumia kwenye namba za wagonjwa, kwa sababu kule kosa la tarakimu moja linaweza kumpa mtu dawa ya jirani yake.

Jambo moja zaidi nililowakataza vijana, nao wakabisha. Walitaka namba ianze na herufi za mkoa na za mtaa, ili ukiiona ujue mtu anatoka wapi. Nikawauliza, mngeandika programu hii mwaka 2014, mngeanza na herufi gani? Wakasema K-A-T, Katanga. Mwaka 2015 Katanga ikagawanywa mikoa minne, sisi tukawa Tanganyika. Mngerudi kuwanyang'anya mama wote kadi zao? Mji huu wenyewe wazee wetu waliuita Albertville. Andikeni mkoa kwenye sehemu ya mkoa, mahali pa kubadilishwa ukibadilika. Namba ibaki namba.

Tulimaliza usiku. Hatua zile mbili za 12 tulizipa tarehe, saa na jina la aliyeandika. Namba za wanachama wakagawana kwa mafungu, Kalemie kuanzia 1, Moba kuanzia 5000, Nyunzu wakaiwekea fungu ingawa mtu wa Nyunzu hajafika. Mapatano hayo waliyaandika kwenye karatasi moja, wakaibandika ukutani kwa yule wa mjini, nakala kwa yule wa ng'ambo. Ni karatasi ya mistari sita.

Ninyi wengine mnaoandika programu pamoja, iwe ya shule, ya parokia, ya depo ya saruji, fungueni folda ya hatua zenu jioni hii mtazame kama kuna namba inayotokea mara mbili. Mkiikuta msiifute, wala msiibadilishe jina kimya kimya, maana huenda imeshafanya kazi kwenye kompyuta ya mtu aliyeko mbali. Mpigieni kwanza.